Utayari wa Mwanafunzi Twaupima kwa Kipimo Gani?

Juma lililopita tuliletewa barua na msomaji wetu mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha hapa Dar es Salaam, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Barua yenyewe ni fupi, imeandikwa kwa mkono safi, wala haina lawama nyingi. Asema ya kuwa mwaka jana alijiandikisha masomo ya cheti katika chuo kimoja kinachofundisha nusu kwa mtandao na nusu ana kwa ana. Kabla ya kuanza alipelekewa dodoso katika simu, maswali kama ishirini hivi: je, anayo simu janja, ajua kutumia intaneti, apenda kujisomea mwenyewe? Akajibu ndiyo kwa yote. Haikupita dakika moja, mtambo ukamjibu kwamba yu tayari na kwamba anakaribishwa. Akalipa ada. Haikutimia miezi mitatu alikuwa amekwisha kuacha masomo, na ada, asema, haikurudi. Kisha aandika maneno ambayo ndiyo yaliyotufanya tuutoe uwanja huu wa leo kwa habari yake: “Ndugu Mhariri, nilipimwa nikaambiwa ni mzima, kumbe sikupimwa.”

Neno hilo tumelifikiri kwa siku kadha. Hatukulichukua kuwa ni malalamiko ya mtu aliyeshindwa akatafuta wa kumtupia kosa lake, kwa sababu mtu wa namna hiyo haandiki hivyo. Tumelichukua kuwa ni swali, tena swali linalowahusu wafanyakazi wengi kuliko wanavyodhani. Maana elimu ya kufuatwa kwa mtandao, na ile iliyo mseto, yaani yenye vipindi vingine vya mtandaoni na vingine vya kuonana na mwalimu uso kwa uso, sasa si jambo la kusikia kwa mbali. Ndiyo njia ambayo kwayo karani, fundi, muuguzi na mwalimu wa shule ya msingi aweza kujiongezea elimu bila ya kuiacha kazi inayowalisha watoto wake. Njia hiyo ikiwa na shimo, watakaotumbukia ni wao.

Kusoma kwa mbali si jambo geni katika nchi hii. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo chanzo chake ni mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere, iliendesha masomo kwa njia ya posta katika miaka ya 1970, na wako wazee wengi waliopata vyeti vyao vya sekondari kwa kulamba stempu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kikafunguliwa rasmi Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Na shabaha yake ilikuwa kwamba mtu wa Songea au wa Kigoma apate shahada bila ya kuhamia Kinondoni. Vitabu vilisafiri, na mwanafunzi alipokwama alikwenda katika kituo cha mkoa wake. Leo sehemu kubwa ya vitabu hivyo, na mazoezi, na maelezo ya mwalimu, imehamia mtandaoni. Umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni chombo, na msafiri wa jahazi hahitaji mambo yale yale anayohitaji msafiri wa miguu.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipozifunga shule na vyuo vyetu, ndipo tulipoiona hali yetu bila ya pazia. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni, na katika majuma yale vyuo vingi vilikaa vikingoja tu. Jirani zetu wa Kenya, ambako madarasa mengi yalibaki yamefungwa hadi Januari 2021, walipeleka masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao; nako ikaonekana dhahiri ya kwamba mtoto wa nyumba yenye umeme na simu aliendelea, na mtoto wa nyumba isiyo navyo alisimama. Tangu siku zile neno “utayari” limekuwa midomoni mwa wakuu wengi wa vyuo, na dodoso la utayari limekuwa kama cheti cha daktari: mwanafunzi hujaza, mtambo hujumlisha, na mlango hufunguka.

Hatusemi madodoso hayo ni upuuzi. Yana asili ya heshima. Huko Marekani, mwaka 1977, mtaalamu Lucy Guglielmino alitunga kipimo cha kutazama kama mtu yu tayari kujiongoza katika masomo yake, wakati ambapo kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado ni kitu cha ajabu. Australia, mwaka 1998, Warner, Christie na Choy waliueleza utayari wa masomo ya mtandaoni kwa mambo matatu: kama mwanafunzi aipenda njia hiyo kuliko ya darasani, kama aweza na ajiamini kutumia vyombo vya mawasiliano, na kama aweza kusoma peke yake. Mwaka 2010 wataalamu wa Taiwan, Hung na wenzake, walitoa kipimo chenye maswali 18 walichokijaribu kwa wanafunzi 1,051 wa vyuo, nacho chatazama mambo matano: kujiongoza, ari ya kusoma, kujiamini mbele ya kompyuta na intaneti, kujitawala ili usichukuliwe na mengine yaliyomo mtandaoni, na kujiamini katika kuzungumza na wenzio kwa maandishi. Watu hawa walifanya kazi ya maana. Walituonyesha kwamba kujua kubonyeza si kujua kusoma, na kwamba kijana anayeshinda na simu mkononi kutwa nzima aweza kuwa hajawahi hata siku moja kujifunza jambo zito kwa simu hiyo.

Taabu ni namna tunavyokitumia kipimo chao. Kwanza, dodoso lenyewe hupelekwa kwa mtandao. Basi wanaolijibu ni wale ambao mtandao umekwisha kuwafikia, wenye chaji, wenye bando, wenye kusoma ujumbe wa chuo siku ile ile. Asiyejibu hahesabiwi. Chuo hutoa taarifa ya kwamba wengi wa wanafunzi wake wako tayari, kama kondakta anayeita majina ndani ya basi ili ajue nani amekosa basi. Tena maswali yaliyo mengi humwuliza mtu ajisifu au ajitie kasoro mwenyewe, na katika jambo hilo watu hawalingani. Yuko aliyelelewa kwamba kusema “naweza sana” mbele ya wakubwa ni kukosa adabu. Huyo, hata akiwa hodari, atajibu “naweza kidogo”. Na yuko anayeogopa kwamba akisema hawezi atanyimwa nafasi; huyo atajibu “naweza kabisa” kwa kila swali. Fundi wetu alikuwa huyo wa pili. Ametuandikia waziwazi: alidhani ni mtihani wa kuingia.

Yafaa tuseme ya kwamba nasi tulipata kuwa huyo wa pili. Miaka michache iliyopita tulijiandikisha mafunzo ya majuma kumi ya kazi yetu hii ya uhariri, yote kwa mtandao, katika chuo cha ng'ambo ambacho hatutakitaja. Tukaulizwa kama sisi ni watu wa kupanga wakati wetu. Tukacheka. Sisi tumesomeshwa na misheni! Tuliamshwa kwa kengele, tukasali kwa kengele, tukala kwa kengele, tukasoma kimya kwa saa mbili kila jioni, na taa ikazimwa kwa kengele. Miaka minne hatukuchelewa darasani hata mara moja. Tukajipa alama za juu kabisa. Juma la kwanza likaenda vizuri. Juma la pili tukaacha somo moja kwa sababu ya uchaguzi mdogo uliotushughulisha. Juma la nne hatukukumbuka hata neno la siri la kuingilia. Ndipo tukatambua jambo ambalo mapadre wetu, Mungu awarehemu waliotangulia, hawakutufundisha, wala hawakuwa na haja ya kutufundisha. Hatukuwa watu wa kupanga wakati. Tulikuwa watu wa kutii kengele. Kengele ilipoondolewa hapakubaki kitu.

Na shule zetu nyingi, za serikali na za dini, hufundisha kwa kengele hata leo. Mtoto hupangiwa kipindi, hupangiwa somo, hupangiwa pa kukaa, huandikiwa ubaoni naye anakili. Kijana aliyepita katika njia hiyo kwa miaka 13, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, huwekwa siku moja mbele ya kioo cha simu akaambiwa: jiongoze. Akishindwa twasema hakuwa tayari. Hata wale wataalamu wa Taiwan, walipotazama majibu ya wanafunzi wao, walieleza ya kuwa kujiongoza na kujitawala ndiko hasa walimu wanakopaswa kuwasaidia. Basi utayari hutengenezwa, nao huchukua muda. Kipimo kifanywacho mara moja, siku ya kujiandikisha, hakiwezi kuonyesha zaidi ya hali ya siku hiyo.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo, ambalo vipimo vile vya ng'ambo haviulizi kwa sababu huko vilikotungwa halikuwa na uzito huu. Ni jambo la nyumba ya mwanafunzi. Fundi wetu alikuwa na simu janja, kweli. Lakini ilikuwa simu moja ya nyumba nzima. Asubuhi mkewe huitumia kupokea na kulipa fedha za biashara yake ndogo. Jioni binti yao wa kidato cha pili huitumia kutafuta masomo yake. Usiku hurudi kwa mwenyewe, na usiku ndipo anapokuwa zamu kiwandani, juma moja katika kila majuma matatu. Mazungumzo ya darasa la mtandaoni yalipangwa saa mbili usiku. Dodoso lilimwuliza kama anayo simu; halikumwuliza simu hiyo ni yake saa ngapi.

Na kama aliyejiandikisha angalikuwa ni yule mkewe? Tumewasikia akina mama wanachama wakisema kwamba saa ya masomo inayowafaa ni saa kumi ya alfajiri, kabla ya nyumba haijaamka, maana baada ya hapo hawana tena hata dakika ishirini zilizoshikana. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa na akili ya kupita darasa zima, akapata alama za juu katika maswali yote 18, na bado akaanguka, kwa sababu hakuna aliyeuliza habari ya maji, ya kuni na ya mtoto mgonjwa. Umeme nao una tabia zake, tunazijua sote. Na mwanafunzi ambaye zoezi lake lafungwa saa sita kamili usiku hana wa kumweleza kwamba mtaa mzima ulikuwa gizani.

Tuseme na habari ya gharama, maana hapa hesabu hazidanganyi. Somo la mwalimu likirekodiwa kwa sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ambacho chatosha kabisa kwa maneno, saa moja huchukua megabaiti 29 hivi. Somo lile lile likirekodiwa kwa picha na sauti, kwa kiwango cha kawaida cha megabiti 1 kwa sekunde, saa moja huchukua megabaiti 450. Mwanafunzi mwenye masomo matatu, akisikiliza saa moja ya kila somo kwa juma, kwa muhula wa majuma 15, atahitaji gigabaiti 20 kwa picha, au gigabaiti 1 na robo kwa sauti. Na kijitabu cha maandishi matupu cha kurasa 30, kikitengenezwa kwa uangalifu, hakifiki hata megabaiti 1. Tofauti hii si ya mwanafunzi. Mwanafunzi hakuichagua. Ni mwalimu mmoja, katika chumba chenye mtandao wa bure wa chuo, aliyeamua kuuonyesha uso wake kwa saa nzima akisoma maneno ambayo yangaliweza kuchapwa. Naye hakujua, au hakuulizwa, kwamba uamuzi wake utamtoa mtu darasani.

Wako wanaotujibu ya kwamba nchi imekwisha kuunganishwa, na hutuonyesha takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, zilizokwisha kupita laini milioni 30 za intaneti, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Takwimu hizo ni za kufurahisha, nasi twazifurahia. Lakini kinachohesabiwa ni laini. Mtu mwenye laini mbili au tatu katika mfuko mmoja ni jambo la kawaida mjini, na laini iliyoingia mtandaoni mara moja kutazama picha ya harusi nayo imo. Takwimu hiyo haituambii ni wangapi wanaoweza kukaa na simu yenye bando kwa saa tano za juma, majuma 15 mfululizo. Chuo kinachotaka kujua jambo hilo hakina budi kuwauliza wanafunzi wake chenyewe, mmoja mmoja, na asiyejibu afuatwe kwa simu ya kawaida au apelekewe mtu.

Je, twaweza? Twaweza, kwa kuwa tulipata kufanya kazi kubwa kuliko hiyo tukiwa na vyombo duni kuliko hivi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”. Kila juma, kwa majuma 12, kipindi kilitangazwa na redio. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu chao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Na kama si hayo masomo mseto, yenye redio, kitabu na kuonana uso kwa uso, basi sisi hatujui masomo mseto ni nini.

Tutazame namna utayari ulivyoshughulikiwa wakati ule. Hakuna mkulima aliyepelekewa karatasi akaulizwa kama ajiona yu tayari kujifunza kwa redio. Waliotayarisha kampeni walikwisha kujifunza kutoka katika kampeni ndogo ya “Wakati wa Furaha” ya mwaka 1971, wakaona vikundi vinakwama wapi. Wakawafundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kabla ya kipindi cha kwanza kutangazwa. Asiyejua kusoma alikaa kando ya ajuaye. Asiyekuwa na redio alikwenda kwenye redio. Swali halikuwa kama mwananchi yu tayari kwa kampeni. Swali lilikuwa kama kampeni i tayari kwa mwananchi. Twakiri ya kwamba miaka ile ilikuwa na makosa yake, na vyoo vingine vilivyochimbwa havikutumiwa. Lakini katika jambo hili la kutayarisha, waliotutangulia walitupita.

Sasa tutoe shauri letu, ambalo walimu watalisahihisha kwa kuwa ni wajuzi kuliko sisi. Twaona ya kuwa mwanafunzi apimwe kwa kufanya, wala si kwa kusema. Kabla hajalipa ada apewe siku saba za kujaribu, bila ya malipo. Siku ya kwanza aingie katika mtambo wa masomo kwa neno lake la siri. Siku ya pili apakue kijitabu cha kurasa chache na akisome katika simu yake ile ile atakayoitumia, si katika kompyuta ya rafiki. Kisha aandike maneno mia mbili juu ya aliyoyasoma, ayapeleke kama kiambatisho, aone kama yamefika. Aulize swali moja mbele ya wenzake mtandaoni, kwa lugha ya masomo; maana wengi wa wanafunzi wetu hunyamaza, na si kwa kukosa la kusema. Huona haya kwa Kiingereza chao, au huona si adabu kumsemesha profesa hadharani bila hata ya kumwamkia. Halafu aachwe siku mbili bila ya ujumbe wala ukumbusho wo wote, na itazamwe kama atarudi mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lingalituumbua sisi.

Katika siku hizo saba aandike pia, katika karatasi ya kawaida, saa ambazo kweli alikuwa huru, saa ambazo simu ilikuwa mkononi mwake, mara ngapi umeme ulikatika, na fedha ngapi zimekwenda katika bando. Juma moja la zamu ya mchana na juma moja la zamu ya usiku hayafanani, kwa hiyo mfanyakazi wa zamu afadhali arudie mara mbili. Karatasi hiyo itamfaa mwenyewe kabla haijakifaa chuo. Tunao wasomaji ambao wangaliiona wangaliahirisha masomo kwa mwaka mmoja, wakaweka akiba, wakanunua simu ya pili, na leo wangalikuwa na vyeti vyao.

Wakuu wa vyuo watasema kazi hiyo ni nzito na wanafunzi ni wengi. Ni nzito, hatubishi. Twauliza tu kama ni nzito kuliko kumpokea mtu, kumfungulia jalada, kumpoteza baada ya miezi mitatu, na kumtafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Lakini hofu yetu hasa i mahali pengine. Twaogopa kwamba kipimo kizuri kikipatikana kitafanywa lango. Mwenye kompyuta na chumba chake ataambiwa pita. Mwenye simu ya kushirikiana ataambiwa rudi nyumbani mpaka uwe tayari, kana kwamba utayari huota nyumbani kama mchicha. Daktari akikuta homa hamfukuzi mgonjwa, humpa dawa. Chuo kikiona ya kwamba theluthi ya wanafunzi wake hawawezi kusikiliza mkutano wa saa mbili usiku, jibu si kuwaandika theluthi hiyo kuwa hawafai. Jibu ni kurekodi sauti, kuchapa kijitabu, kuongeza siku za kuonana kituoni, kusogeza saa ya kufungwa zoezi. Kipimo ambacho matokeo yake hayakigharimu chuo cho chote, hicho twakitilia shaka.

Na waajiri je? Mfanyakazi akipata saa mbili kwa juma, na chumba chenye umeme baada ya zamu, kiwanda hakitafilisika. Vyama vya wafanyakazi vyaweza kuliingiza jambo hili katika mikataba ya hali bora, pamoja na habari za posho na viatu. Hata ofisi za matawi yetu, ambazo nyingi hukaa zimefungwa mchana kutwa na kufunguliwa siku za mikutano, zina meza, zina viti, na nyingine zina umeme. Tumepata kuona tawi moja ambalo katibu wake aliwaachia vijana ufunguo ili wasome jioni. Hakuomba ruhusa ya mtu, wala hakuna kilichoharibika. Wanafunzi wanane wa chuo kimoja wakikaa meza moja, rekodi moja ikapakuliwa mara moja na kusikilizwa na wote, gharama ya bando imegawanyika kwa nane, na aliyetaka kuacha masomo ana mtu wa kumwuliza jana ulikuwa wapi.

Fundi wetu ametuuliza mwishoni mwa barua yake kama ajaribu tena mwaka huu. Tumemjibu kwa barua, na kwa idhini yake twayaweka hapa tuliyomwambia. Asilipe ada ya mtu ye yote kwanza. Aijaze karatasi ya saa zake kwa majuma matatu, ili zamu zote ziingie. Aende na karatasi hiyo kwa miguu yake hadi ofisi ya chuo anachokitaka, asitume, akaulize mambo manne: vipindi vya kuonana ni siku zipi, masomo ya sauti na vijitabu vyapatikana bila ya picha, zoezi likichelewa kwa ajili ya umeme hufanywaje, na mwanafunzi akiacha katika mwezi wa kwanza hurudishiwa kiasi gani. Ajibiwe kwa maandishi. Ofisi ikikosa majibu, basi ndiyo iliyopimwa ikaonekana haijawa tayari, naye aende ofisi nyingine. Ametuandikia tena jana kwamba juma la kwanza la karatasi yake limekwisha: alikuwa na saa sita huru, simu ilikuwa mkononi mwake kwa saa mbili kati ya hizo, na umeme ulikatika mara tatu.